Hakuna aliyekufa: familia yetu ilivyopanda lori la samaki kutoka Nchelenge kwenda kuangalia makanisa

Wakuu, hamjambo humu ndani. Wote mnaotaka kuniamkia, marahaba, nimeshaitikia kabisa ili tusipoteze muda.

Wiki nzima naona nyuzi za watu wanapanga road trip. Mara hoteli gani, mara gari gani, mara watoto watatapika njiani. Mmoja juzi kaandika eti familia za Kiafrika hazina utamaduni wa kutembea kuangalia vitu, tumeiga kwa wazungu.

Nikasema eeh! Huyu lazima nimjibu.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu. Nimezaliwa Nchelenge, kando ya ziwa Mweru, upande wa Zambia, enzi hizo ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili changu nimekipata kwa mama yangu, aliyetoka Kilwa. Si Kilwa yenu ya pwani, ni Kilwa ya Kongo, ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo mkikutana na "mutu" na "batu" humu msinisahihishe, ndivyo tunavyosema. Na yale yaliyosemwa kwa Kibemba nawageuzia.

Ninayoandika si chai, ni kweli tupu. Waliokuwa juu ya lile lori tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu. Yeye mkimuuliza atasema hakumbuki kitu, kwa sababu alilala njia nzima mdomo wazi.

Haya, twende.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Mimi msichana wa kama miaka kumi na tatu hivi, nimeshaanza kujiona mkubwa. Baba yangu alikuwa mvuvi, mama akiuza samaki na kununua vitambaa ng'ambo. Tuliishi na mama yake baba, Banakulu. Kwa Kibemba ndiyo bibi, kwa heshima.

Banakulu hakuwa mtu wa ziwa. Alizaliwa mbali, upande wa Kasama, karibu na misheni ya mapadri. Alipokuwa msichana mdogo mapadri wale walikuwa wanajenga kanisa kubwa la matofali. Watoto wote wa vijiji vya jirani walibeba matofali kichwani, kutoka kwenye tanuri mpaka kwenye ukuta. Banakulu naye alibeba. Alikuwa anatuonyesha katikati ya kichwa, mahali ambapo nywele zilikuwa chache, anasema, "Hapa njo pa matofali."

Ukuta ulipofika usawa wa kifua chake, baba yake akahama na familia nzima kuja huku Luapula. Akaolewa ziwani, akazaa ziwani, akazeekea ziwani.

Hakuwahi kuliona lile kanisa limekwisha.

Sasa mwaka ule macho yake yakaanza kufunikwa na weupe. La kulia likawa limezima. La kushoto linaona, lakini kama mtu anayeangalia kupitia wavu wa dagaa. Asubuhi moja alimimina maji ya moto nje ya kikombe, mkononi mwake mwenyewe. Hakulia. Aliufuta tu, akamwambia baba, "Mwanangu, miye nataka kuona kama baliweka paa."

Ni hilo tu wakuu. Kama waliweka paa.

Baba yangu, Mungu ampumzishe, alikuwa mtu wa maneno machache. Akaguna, akaenda ziwani. Jioni akarudi akatangaza: tunakwenda. Wote. Kabla mvua hazijafunga barabara na kabla jicho la mama halijafunga.

Mjue enzi zile kwetu mtu alisafiri kwa sababu zinazoeleweka. Msiba. Harusi. Kuuza samaki. Kwenda migodini Copperbelt. Basi. Kufunga mlango, kubeba mke na watoto na mama mzee, kwenda kuangalia jengo halafu kurudi, hicho kilikuwa kichekesho. Kaka mkubwa wa baba alicheka mpaka akashika mbavu.

"Unaenda kuangalia nyumba? Yako umemaliza kuiangalia?"

Baba akachukua kamba ya wavu.

Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo mimi hujivuna. Baba hakuwa na ramani, lakini alikuwa ameuliza madereva wote wa malori ya samaki. Akakata kamba, akafunga maboya juu yake, vile vipande vya mti vinavyoelea juu ya wavu. Kila boya mahali pa kusimama. Boya la kwanza Mbereshi, kwenye kanisa la matofali la Waprotestanti. La pili Kawambwa. La tatu Luwingu, penye kigango cha zamani ambako Banakulu alibatizwa wakiwa njiani kuja huku. La mwisho, kubwa kuliko yote, kanisa la Banakulu. Kati ya boya na boya aliacha kamba ndefu au fupi kufuata urefu wa njia.

Usiku huo huo Banakulu alilala na ile kamba mkononi. Asubuhi alikuwa ameikariri yote kwa vidole. Leo mnaniambia ramani ya simu!

Mbereshi ilipata boya kwa sababu ya mama yangu. Mama alikuwa Mprotestanti, na siku plan ilipoanza aliweka mikono kiunoni.

"Alor, tunaenda kuona kanisa ya bapadri, na yetu je? Tunapita pembeni yake tu kama mbuzi?"

Baba akafunga boya bila ubishi. Ndoa yao ilidumu kwa namna hiyo.

Tatizo likawa usafiri. Mabasi ya kwenda kule hayakuwapo ya kutegemea. Kulikuwa na lori moja la Ba Mulenga, aliyekuwa anapeleka samaki wakavu Kasama. Ba Mulenga alikuwa mmoja wa watu weusi wa kwanza kwetu kuwa na lori lake mwenyewe, na alihakikisha kila mtu anajua. Alivaa kofia ya kahawia yenye ukingo, hata akiwa chini ya lori amelala chali anafunga nati.

Baba akamwendea kwa adabu zote. Ba Mulenga akakataa.

"Lori yangu inabebaka samaki. Batu hapana. Na mwanamuke muzee tena? Akinifia njiani nitasema nini?"

Baba akarudi ameinamisha kichwa. Mara ya kwanza kumwona hivyo. Akaning'iniza kamba ya maboya ukutani, akakaa.

Banakulu akauliza, "Huyo Mulenga ni wa ukoo gani?"

Baba akasema, "Mwina Ng'andu." Yaani ukoo wa Mamba.

Wee! Banakulu alisimama kama msichana. "Na hukuniambia?"

Niwaeleze wageni. Kwetu kila mtu ana ukoo anaourithi kwa mama. Banakulu na baba walikuwa ukoo wa Samaki. Na ukoo wa Samaki na wa Mamba ni banungwe, watani. Mtani wako anakutukana hadharani, anakunyang'anya kitu chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unajiaibisha wewe. Lakini utani huo una upande wake mzito: siku ukifa, mtani wako ndiye anayekuzika. Anakubeba, anakushusha, na anatania mpaka pembeni ya kaburi ili wenye msiba wasivunjike.

Basi Banakulu akanishika bega, tukaenda. Ba Mulenga alikuwa anapakia makayabo, samaki wa chumvi waliokaushwa, mafungu kwa mafungu. Banakulu hakusalimia. Alifika, akapapasa, akaivua ile kofia kichwani mwa Ba Mulenga, akaivaa yeye.

Vijana wa kupakia wakapiga kelele.

"Wee Mamba," akasema, "nasikia unakataa kubeba Samaki. Tangu lini? Tumbo yako imejaa nini, matope?"

Ba Mulenga akacheka, hakuwa na namna. "Mama, kumbe weye ni chakula yangu na sikujua! Rudisha kofia."

"Sirudishi. Sikiliza. Siku ya kufa utanibeba, ao siyo?"

"Nitakubeba. Ni kazi yangu."

"Basi ile siku sitaona kitu. Nibebe sasa, jicho lingali linaona."

Wale vijana waliacha kupakia. Ba Mulenga akaangalia chini, akafuta mikono kwenye suruali, akafungua mlango wa mbele wa lori na kumpa mkono apande.

Na hapo wakuu, hatukulipa chochote. Mtani halipishi mtani. Baba alimsaidia kupakia na kushusha njia nzima, wakawa marafiki mpaka kufa kwao.

Tuliondoka asubuhi kwa kelele kubwa. Banakulu mbele na kofia, mama pembeni yake na mdogo wangu mapajani. Mimi na baba juu ya makayabo, chini ya turubai lililofungwa nusu. Yule kaka wa baba na majirani wamesimama barabarani, sasa hawacheki tena. Nilimpungia baba mkubwa mkono kwa madaha mpaka alipopotea vumbini.

Harufu? Msiniulize. Ukikaa juu ya makayabo saa nzima unanuka, ukikaa siku nzima umekuwa kayabo mwenyewe. Sisi hatukuisikia, tumezaliwa ndani yake. Kumbukeni hilo, nitalirudia mbele.

Mbereshi tulisimama. Kanisa lile la matofali lilinishangaza, sikuwa nimeona ukuta mrefu namna ile. Mama aliingia kifua mbele kama amelijenga yeye, akatuimbia wimbo mzima wa Kiswahili wa kwao. Baba, Mkatoliki, alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho. Akatoka akasema, "Ni zuri." Mama alikaa na hilo neno mwaka mzima.

Sasa hapo ndipo maajabu yalipoanza. Tukitoka pale wanawake wawili wakatujia polepole, mikono kifuani.

"Poleni mukwai," ndilo neno letu la heshima. "Nani alikufa?"

Mama akasema hakuna. Wakaangaliana. Wakasema pole tena, wakaondoka hawajaamini.

Kawambwa vilevile. Ba Mulenga alisimama kuongeza maji kwenye injini, wazee wakaja, wakatoa kofia. "Nani alikufa?"

Hakuna aliyekufa, tunatembea. "Mnatembea kwenda wapi?" Kuangalia makanisa. "Aah," mzee mmoja akasema kwa huruma, "basi mnaenda kumwombea." Tukaacha.

Baada ya Kawambwa barabara ikawa ya vumbi tupu. Vumbi jekundu, linaingia mpaka kwenye meno. Mbele kwa dereva kioo kimoja hakikupanda. Ba Mulenga alikuwa amekizibia gunia, lakini gunia likachomoka tulipokuwa tunateremka mlima, na wimbi la vumbi likampiga Banakulu usoni.

Jicho la kushoto, wakuu. Lile moja.

Nilisikia mama anapiga kelele, lori likasimama. Baba aliruka chini kabla halijasimama vizuri. Banakulu alikuwa ameshika uso na mikono miwili na anasema kwa sauti ndogo, "Limeungua, limeungua." Alipotoa mikono jicho lilikuwa jekundu kama nyanya, machozi yanamwagika, kope zimevimba.

"Unaona?" baba akauliza.

Akasema, "Sioni."

Nilianza kulia. Naomba msinicheke, nalia hata sasa nikiandika. Tumefika nusu ya njia, na kitu chenyewe tulichobeba kwa uangalifu kuliko vyote ndicho kimeharibika. Ba Mulenga alijishika kichwa. "Niligeuze?" akamwuliza baba.

Aliyejibu ni Banakulu. Aliomba kamba. Akaipapasa, boya la kwanza, boya la pili, akabana kidole mahali fulani kwenye kamba tupu.

"Tuko hapa?"

"Hapo hapo, mama."

"Basi kurudi ni mbali kama kuendelea. Washa gari, Mamba. Unanipotezea muda."

Tukafika Luwingu jua likielekea kuzama. Sasa fikirieni wenyewe. Lori linasimama kijijini. Baba anashuka, uso umemshuka. Mama macho mekundu. Mimi nalia waziwazi. Na mwanamke mzee amevaa kofia ya mwanamume, machozi yanamtoka hayakauki.

Hawakuuliza safari hii. Wanawake wa kile kijiji walikuja moja kwa moja, wakakaa chini kwenye vumbi pembeni ya lori, wakaanza kulia pamoja nasi. Mmoja akaanzisha wimbo wa msiba. Mwingine akaleta maji. Mzee wa kijiji akawa anampa Ba Mulenga mkono na kutikisa kichwa.

Mama akajaribu kusema, "Mukwai, hakuna—" lakini nani amsikie?

Mwisho Banakulu akaketi katikati yao, akauliza kwa sauti kubwa, "Tunamulilia nani?"

Wimbo ukakatika, na mmoja wao akauliza.

"Si wako, mama?"

"Miye wangu bote bazima. Nililia sababu ya vumbi."

Wanawake wale waliangaliana, halafu kicheko kikaanza kwa mmoja, kikaenda kwa mwingine, mpaka wote wamelala chini. Wakatukaribisha ugali na majani ya muhogo. Na mmoja, mama mnene mwenye sauti nzito, akamwosha Banakulu jicho kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, tena na tena, kwa upole kama anaosha mtoto. Akalifunga kwa kitambaa safi. "Usilifungue mpaka kesho. Likipumzika litaona, lisipopumzika limekwenda."

Nasema hivi: msiba ule wa bure ndio uliookoa jicho. Tusingeonekana kama wafiwa, nani angetukimbilia na maji?

Alfajiri tulipita kwenye kigango alikobatizwa, nyumba ndogo ya udongo, tukasali kwa haraka, Banakulu macho yamefungwa. Tukaendelea.

(Naona hapo chini kuna mjukuu ameandika "bibi hii chai imezidi sukari". Kaa kimya ule, sahani haijaisha.)

Siku hiyo hiyo ndiyo ya kufika, nayo ilikuwa Jumapili. Ba Mulenga aliendesha kama ameiba lile lori. Tulisikia kengele kabla hatujaona kitu, na Banakulu akashika mkono wa mama. "Ile ni sauti ingine. Kengele ya zamani ilikuwa ndogo."

Tukashuka. Mimi nikamshika mkono. Kitambaa bado jichoni, kofia bado kichwani. Mama akamwomba aivue walau akiingia, akakataa. "Kofia ya mutani. Nikivua ataiba."

Misa ilikuwa imeanza. Tuliingia kwa nyuma, na hapo ndipo harufu yetu ilipotangulia.

Nilimwona mtu wa kwanza akigeuka. Halafu wa pili. Kanisa limejaa watu wa mjini, mashati meupe yamepigwa pasi, na sisi tunatoka Mweru juu ya makayabo. Benchi la nyuma likaanza kusogea, taratibu, mpaka tukabaki na nafasi kubwa kama machifu. Mama mmoja mwenye gauni la maua, aliyekuwa ameegemea ukuta pale pembeni, akatoa kitambaa akaziba pua, na akatuangalia kuanzia miguuni.

Uso ukaniwaka. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba naye nilimwona anatazama viatu vyake.

Banakulu hakuona lolote kati ya hayo. Alisimama wima, akasubiri wimbo uishe. Kisha akainua mikono, akafungua fundo la kitambaa.

Sitasahau. Alifumba, akafumbua. Akainua kidevu juu, juu, mpaka kofia ikaanguka nyuma nikaidaka.

"Paa," akasema.

Kwanza kwa kunong'ona. Halafu kwa sauti, kanisa zima likasikia: "Baliweka paa! Muangalie, baliweka paa!"

Padri akakatiza kusoma. Watu wote wakageuka. Na baba yangu, mtu wa maneno machache, mvuvi asiyelia hata ziwa lilipomchukulia mtumbwi, alijifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yakawa yanatikisika.

Nilivimba kwa fahari wakuu. Aibu yote ya makayabo ikaniisha palepale. Nikasema moyoni, huyu ni bibi yangu, na mzibe pua mpaka kesho.

Padri akatabasamu, akaendelea kusoma. Tukakaa.

Misa ilipokwisha Banakulu akataka kushika ukuta. Akatafuta matofali kwa vidole, hakuyapata. Ukuta wote ulikuwa umepigwa plasta na chokaa nyeupe, laini kama ganda la yai. Mimi moyo ukanianguka. Alikuwa ametuambia miaka yote angelijua tofali lake akiligusa.

Baba akasema kwa huzuni, "Balifunika, mama."

Yeye akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Akagonga tena. Akaweka shavu pale.

"Iko mu ndani," akasema. "Inashika."

Yule mama wa gauni la maua alikuwa bado pale, kitambaa kimeshuka. Watu wengine walikuwa wamesogea, wameona mzee anakumbatia ukuta. Na nyinyi mnajua swali gani lilikuja. Yule mama mwenyewe ndiye aliyeuliza, sasa kwa sauti ya heshima.

"Pole mukwai. Nani alikufa?"

Banakulu akageuka, akamwangalia kwa lile jicho lake moja jekundu, akanyoosha mgongo.

"Hakuna mutu alikufa, mama. Nilikuja kuangalia kazi yangu."

Halafu akaongeza, kwa sababu alikuwa Banakulu na hawezi kuacha kitu kipite, "Na weye ulikuwa umeegamia tofali yangu. Haina neno, ni ya nguvu. Egamia tu."

Yule mama alicheka mpaka akatoa machozi. Alitupeleka kwake, tukala kuku, na akatuchemshia maji ya kuoga, alisisitiza sana hayo maji. Mama alimwachia fungu zima la makayabo kama shukrani. Sijui kama alifurahi.

Tukarudi ziwani. Kaka wa baba alikuwa wa kwanza kuja kuuliza safari ilikuwaje, na baba akamwambia neno moja: "Paa lipo." Mwaka uliofuata kaka huyo alimpeleka mkewe Mbereshi, kimya kimya, akidhani hatujui.

Mvua zile zile jicho la Banakulu likafunga moja kwa moja. Hakulalamika hata siku moja. Watoto wakimwuliza kama giza linamtisha alisema, "Miye nilishaona."

Kofia haikurudishwa. Kila lori la Ba Mulenga likipita anatoa kichwa nje anapiga kelele, "Wee Samaki! Kofia yangu!" Naye anajibu kutoka barazani, "Kuja unizike kwanza!" Ilikuwa hivyo miaka, mpaka watoto wa mtaa wakawa wanaigiza.

Banakulu hakufika uhuru. Siku alipofariki, baba alituma mtu kwa Ba Mulenga, akaja na lori tupu, bila hata samaki mmoja. Hakusalimia. Akaingia ndani, akachukua kofia ukutani, akaivaa. Watu walikuwa wanalia. Ni kazi ya mtani kusema neno, wote tukasubiri atukane, achekeshe, kama desturi.

Akainama, akaingiza bega chini ya jeneza.

"Wengine mujifunze uzito yake," akasema. "Miye nilishamubeba akiwa muzima."

Akashindwa kuendelea. Sijawahi kuona mtani akilia kabla wala baada.

Fundisho langu kwenu ni fupi. Msisubiri msiba ndipo mpakie wazee wenu kwenye gari. Mwulize mama yako leo kuna kitu gani hakukiona kimekwisha, halafu tafuta lori.

Na yule aliyesema road trip tumeiga kwa wazungu, aje hapa chini tuzungumze, sikasiriki. Wengine mniambie: mzee wako alibeba tofali gani, na umeshampeleka akaone paa?